Mlipaji Mmoja wa Matibabu, na Gharama Zisizoandikwa Daftarini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kilimatinde)



Halmashauri ya chama ilinitaka niseme juu ya jambo linalomgusa kila mtumishi ambaye jina lake limo katika orodha ya mishahara, nalo ni matibabu: ni nani alipaye, hulipa kwa njia gani, na je, fedha tuzionazo zimekatwa katika karatasi ya mshahara ndizo gharama zote? Nitajitahidi kusema kwa kifupi na kwa taratibu, kwa maana jambo lenyewe ni la hesabu, na hesabu haipendi haraka.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twaishi kwa maneno hayo. Lakini ziko gharama ambazo hazina safu katika daftari lo lote, wala mkaguzi haziulizi, na hata hivyo mtu huzilipa mpaka senti ya mwisho. Hizo ndizo nitakazo kuzitafuta leo.

NINI MAANA YA MLIPAJI MMOJA

Kwanza yafaa tupatane juu ya maana. Katika nchi nyingine mgonjwa hulipa mwenyewe kila aendapo hospitali. Katika nchi nyingine yako makampuni mengi ya bima, na kila moja lina ada yake, fomu zake na masharti yake. Na katika nchi nyingine liko sanduku moja tu: watu wote hutia humo, ama kwa kodi ama kwa makato ya mshahara, na sanduku hilo ndilo lilipalo hospitali. Huyo ndiye mlipaji mmoja. Angalieni sana, sisemi kwamba hospitali zote huwa za Serikali. Katika Kanada madaktari wengi si watumishi wa Serikali hata kidogo, bali hupeleka hesabu zao kwa hazina ya jimbo nao hulipwa. Kulipa ni jambo moja, na kutibu ni jambo jingine.

Sababu za kupenda sanduku moja ni dhahiri. Ugonjwa hauwagawii watu sawasawa. Mmoja hukaa miaka ishirini bila kumwona daktari, na mwingine figo zake huharibika akiwa kijana. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo; wengi wakitia kidogo kidogo, yule mmoja haanguki. Tena mnunuzi mmoja mkubwa aweza kusema na wauza dawa kwa nguvu kuliko wanunuzi mia wadogo. Tena fomu ikiwa moja, makarani wanaohitajika ni wachache. Marekani, yenye makampuni mengi ya bima, hutumia kwa afya kama sehemu 17 katika kila 100 za pato lake lote, na Kanada, iliyo jirani yake, hutumia kama 12; na hata hivyo katika Marekani mwaka 2023 walikuwako watu zaidi ya milioni 25 wasio na bima yo yote. Basi fedha nyingi peke yake si dawa.

HABARI ZA NCHI ZA MBALI

Uingereza ilianza utaratibu wake tarehe 5 Julai 1948, Waziri akiwa Aneurin Bevan. Matibabu yakawa bure kwa kila mtu mlangoni mwa hospitali, na gharama ikatoka katika kodi. Miaka mitatu haijatimia, Serikali ikaona fedha hazitoshi, ikatoza ada ya meno ya bandia na miwani. Na Bevan akajiuzulu mwaka 1951 kwa ajili ya jambo hilo. Mwaka 1952 ikaja ada ya dawa. Lakini gharama kubwa iliyofichika katika Uingereza si hizo ada ndogo. Ni kungoja. Mwaka 2023 orodha ya matibabu yanayongojewa katika England peke yake ilipita milioni 7. Mtu mwenye maumivu ya nyonga hatoi shilingi, bali hutoa miezi ya maisha yake, na miezi hiyo haimo katika bajeti ya Waziri wa Fedha.

Tena iko gharama nyingine ya Waingereza ambayo hailipwi na Waingereza. Tangu mwanzo hospitali zao ziliajiri wauguzi na madaktari kutoka visiwa vya Karibi, India na Afrika. Nchi maskini humsomesha muuguzi kwa kodi ya wakulima wake, kisha muuguzi huyo akauguza mahali pengine. Katika daftari la London faida imeandikwa. Hasara imeandikwa kwetu.

Kanada ilianza katika jimbo moja la wakulima wa ngano, Saskatchewan. Mwaka 1947 jimbo hilo lilianza kuwalipia watu wake gharama za hospitali, na mwaka 1962 likaanza kulipia madaktari pia. Madaktari wakagoma siku ishirini na tatu, kisha wakapatana na Serikali. Sheria ya mwaka 1966 ikaeneza jambo hilo nchini, na sheria ya mwaka 1984 ikakataza daktari kumtoza mgonjwa nyongeza juu ya malipo ya hazina. Lakini sanduku la Kanada liliachwa na tundu: dawa anunuazo mgonjwa nje ya hospitali, na meno, kwa miaka mingi havikuwamo, hata watu wengi wakahitaji bima ya pili kwa ajili yake. Basi fundisho la Kanada ni hili: usiulize tu kama umo katika sanduku, uliza ni kitu gani kimo sandukuni.

Taiwan ilikuwa na mifuko mbalimbali, mmoja wa wafanyakazi, mmoja wa watumishi wa Serikali, mmoja wa wakulima, na watu wengi walikuwa nje ya yote. Tarehe 1 Machi 1995 mifuko ikaunganishwa kuwa mmoja, na leo karibu watu wote wa kisiwa wamo. Kila mtu hubeba kadi yenye kumbukumbu, na gharama za ofisi ni ndogo mno. Lakini kwa kuwa daktari hulipwa kwa kila mgonjwa amwonaye, na bei imekazwa, daktari huona wagonjwa wengi kwa siku moja, na mgonjwa hupata dakika chache tu. Hapo gharama iliyofichika ni kusikilizwa.

Ndugu zangu, mwaona basi kwamba hakuna nchi iliyopata matibabu ya bure. Kila nchi imechagua mahali pa kuficha gharama.

HABARI ZETU WENYEWE

Wako watu wanaosema kwamba jambo hili ni geni kwetu. Hasha. Tanzania Bara ilikwisha kuwa karibu sana na mlipaji mmoja. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilitangaza matibabu bila malipo katika hospitali zake, ikajenga zahanati vijijini kwa wingi, na mwaka 1977 sheria ikakataza matibabu ya kibiashara. Zikabaki hospitali za Serikali, na hospitali za mashirika ya dini, kama hii iliyo hapa Kilimatinde. Ulikuwa wakati wa heshima kubwa, kwa maana mtoto wa mchunga ng'ombe na mtoto wa karani walipanga mstari mmoja.

Lakini ikaja vita ya Uganda ya mwaka 1978 hata 1979, na mafuta yakapanda bei, na mazao yakashuka. Hazina ikakauka. Sheria ikabaki kusema bure, na rafu ya dawa ikabaki tupu. Mgonjwa aliambiwa anunue daftari la kuandikiwa, anunue sindano, anunue dawa dukani. Hiyo ndiyo gharama iliyofichika iliyo mbaya kuliko zote, kwa maana humwangukia mgonjwa siku ile ile ya ugonjwa, bila kutangazwa na bila stakabadhi. Mwaka 1991 matibabu ya watu binafsi yakaruhusiwa tena, na tangu mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ukaingizwa, wakasamehewa watoto wadogo, wajawazito, wazee wasiojiweza na wenye magonjwa fulani ya kudumu.

Uganda ilipita njia kinyume. Mwaka 2001 iliondoa ada katika hospitali za Serikali, isipokuwa katika wodi za kulipia. Wagonjwa maskini walimiminika, jambo jema sana. Lakini dawa zikawa haba kwa kuwa wagonjwa waliongezeka kuliko fedha, na wengi wakarudi kununua madukani. Ada ilitoka mlangoni ikaingia dirishani.

Ndipo ikaja mifuko. Mwaka 1996 ulianza Mfuko wa Afya ya Jamii kwa majaribio katika Igunga, jirani zetu, ili mkulima alipe mara moja kwa mwaka kwa kaya yake. Mwaka 1999 Bunge likatunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, nao ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa Serikali. Makato yakawekwa sehemu 6 katika 100 za mshahara: 3 kutoka kwa mtumishi na 3 kutoka kwa mwajiri, naye mtumishi akapewa nafasi ya mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne.

HESABU YA KARANI MMOJA

Tuchukue mfano. Karani mwenye mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi hukatwa 18,000. Yeye husema, natoa 18,000. Lakini mwajiri hutoa 18,000 nyingine, na fedha hiyo haitoki mbinguni; ni sehemu ya malipo ya kazi yake ambayo hakutiwa mkononi. Kwa hiyo gharama ya kweli ni 36,000 kwa mwezi, au 432,000 kwa mwaka. Hiyo ni gharama ya kwanza iliyofichika, na kila mwanachama yampasa kuijua, si kwa kulalamika, bali apate kudai haki iliyo sawa na alichotoa.

Gharama ya pili ni nauli. Kadi ni ile ile kwa mtu wa Dar es Salaam na kwa mtu wa Kilimatinde. Lakini mwenzetu wa mjini hushuka katika basi mlangoni mwa hospitali kubwa, na sisi tukiandikiwa rufaa twasafiri mpaka Dodoma, mgonjwa na msindikizaji wake, kulala na kula. Mfuko hulipa daktari. Haulipi chai ya msindikizaji. Kadi ni sawa, lakini thamani yake si sawa.

Gharama ya tatu ni ukawiaji wa malipo. Hospitali humtibu mwanachama leo, hupeleka fomu, na hungoja. Wakati ingojapo, lazima inunue dawa na kulipa wauguzi. Hospitali ndogo ya vijijini haina akiba ya kungojea. Na malipo yakichelewa, rafu hupungukiwa, na anayeumia ni mgonjwa wa kesho, pengine asiye mwanachama kabisa. Mlipaji akiwa mmoja tu, hospitali haina mlango wa pili wa kubisha. Hii ndiyo hatari ya mlipaji mmoja, na wapenzi wa jambo hili hawapaswi kuifunika. Na bei nazo huleta ugomvi: tarehe 1 Machi 2024 Mfuko ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, baadhi ya hospitali za watu binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama kwa kusema kwamba bei zilizopangwa hazitoshi. Wakubwa walipokuwa wakibishana juu ya bei, mgonjwa alisimama langoni na kadi yake mkononi.

Gharama ya nne ni udanganyifu, na hapa naomba tuseme kweli. Mtu huazima kadi ya nduguye. Mtu hutia sahihi fomu bila kuisoma, na huko nyuma huandikwa dawa tano, naye alipewa mbili. Kila dawa ya uongo hulipwa kwa fedha ya kweli, na fedha hiyo ni ile 36,000 yetu.

Gharama ya tano ni ya watu kuingia wakisha kuugua. Mfuko ulikuwa na kadi ya watoto, Toto Afya, kwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa kila mtoto. Mzazi wa mtoto mzima hakuona haja. Mzazi wa mtoto mgonjwa alikimbia kujiandikisha. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, na Mfuko ukataka watoto waandikishwe kwa makundi kupitia shuleni. Sanduku la hiari, ndugu zangu, hujaa wagonjwa na kupungukiwa fedha. Jambo hili si la ubaya wa watu. Ndivyo hesabu ilivyo.

JE, TUKAE PEKE YETU?

Sasa nafika katika swali ambalo najua limo vifuani mwa wengi. Mwaka 2022 uliletwa Bungeni muswada wa bima ya afya kwa wote, na makisio yaliyotajwa yalikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Watu wakauliza, mkulima wa mtama na alizeti atazitoa wapi? Muswada ukarudishwa kutazamwa tena, na sheria ikapitishwa mwaka 2023. Zanzibar, iliyotangaza matibabu bure mwaka 1965 baada ya Mapinduzi, nayo ilianzisha mfuko wake wa huduma za afya mwaka 2023, ikianza na watumishi wa umma. Na Kenya, iliyokuwa na mfuko wake tangu mwaka 1966, iliubadili. Tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara wa shilingi 100,000 za Kenya, aliyekuwa akitoa 1,700 kwa mwezi, akatakiwa kutoa 2,750, na mwajiri halazimiki kuongeza kitu.

Basi mtumishi huuliza: kwa nini fedha yangu imtibu mtu asiyetoa kama mimi? Ni swali la haki, na halifai kujibiwa kwa matusi. Nalijibu hivi.

Mtumishi ana nafasi ya mwenzi na wategemezi wanne. Lakini ni nani kati yetu mwenye ndugu watano tu? Mama mdogo aliye kijijini akivunjika mguu, taarifa huletwa kwa nani? Mtoto wa kaka akipata homa ya uti wa mgongo, ni nani apigiwaye simu usiku? Ni yule mwenye mshahara. Sisi tumekwisha kuwa bima ya koo zetu, tena bima bila sheria, bila kiwango na bila mwisho. Mtumishi hukopa, huuza mbuzi, huahirisha ada ya shule. Gharama hiyo haikatwi katika karatasi ya mshahara, na kwa sababu hiyo twadhani haiko. Iandikeni kwa mwaka mmoja, kila mtu katika daftari lake, nanyi mtaona kwamba mkulima aliye nje ya sanduku hutugharimu sisi pia, naye hugharimika zaidi, kwa maana wengine hufika hospitali wakiwa wamechelewa.

Rwanda ilianza mifuko ya jamii kwa majaribio mwaka 1999, ikaieneza kwa sheria, na watu walio wengi sana wakaingia. Ada ikawekwa kwa kadiri ya hali ya kaya, na walio maskini kabisa wakalipiwa. Haikungoja nchi itajirike kwanza. Lakini ilijua kwamba ada za maskini peke yake hazijazi sanduku, na kwamba kodi na misaada lazima viongezwe. Asemaye kwamba wakulima watajitibu kwa michango yao wenyewe, haelezi hesabu yote.

Kwa hiyo nasema, Bwana Mwenyekiti, kwamba naunga mkono sanduku moja kubwa kuliko visanduku vingi vidogo. Lakini naliunga mkono kama karani aungavyo mkono hesabu: baada ya kuona safu zote.

MASHAURI

Naomba chama kitazame mambo manne. La kwanza, tutake taarifa za Mfuko zitaje zaidi ya fedha zilizoingia na kutoka; zitaje hospitali hungoja siku ngapi kulipwa, wagonjwa wangapi walikosa dawa iliyoandikwa, na rufaa za vijijini zinasafiri umbali gani. Gharama ikiandikwa, yaweza kupunguzwa. Isipoandikwa, hulipwa milele.

La pili, ada ya mkulima ikusanywe wakati wa mavuno, si wakati wa njaa. Katika nchi hii ya Ugogo mwezi Januari hauna fedha, na kila aliyekaa hapa misimu miwili ajua hivyo. Na asiyeweza kabisa alipiwe kwa kodi, wazi, si kwa hisani ya mganga wa zamu.

La tatu, sisi wenyewe tusome fomu kabla ya kutia sahihi, wala tusiazimane kadi. Hatuwezi kudai hesabu safi kwa mikono michafu.

La nne, tusiogope kukaa sanduku moja na jirani zetu wakulima. Tulipanga mstari mmoja nao zamani, na kilichotuumiza wakati ule kilikuwa rafu tupu. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba rafu haiwi tupu tena.